Ufunguo wa Toleo C

Tarehe 4 Machi

Rula, mdogo wangu,

Natumai u mzima, wewe na wifi na watoto. Sisi huku hatujambo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunikatiza kabla sijafika katikati. Kwenye karatasi huna pa kunikatizia. Tulia kitini usome mpaka mwisho.

Matokeo ya mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi yametufikia Jumatatu. Shule yangu ilipeleka wanafunzi kumi na wawili. Sita wamechaguliwa, na hao sita ningekutajia hata kabla ya mtihani. Watatu wamekosa kwa alama chache, nao pia nilijua. Ila watatu waliobaki wamenishinda kuelewa. Wamepata kumi na tatu, kumi na nne na kumi na sita, kati ya sitini.

Wa kumi na nne ni msichana tunayemwita Wakili. Jina alipewa na wenzake kwa sababu hajawahi kukubali jambo bila kuuliza limetoka wapi. Mwaka juzi alinibishia mbele ya darasa zima kuhusu nukta ya desimali niliyoiweka ubaoni, ikabidi nifute nianze upya. Huyo ndiye niliyemtegemea kuliko wote. Wa kumi na tatu ni Pacha. Nduguye amekaa dawati la jirani yake, wamesoma daftari moja miaka minne, na huyo nduguye ana arobaini na sita na amechaguliwa. Wa kumi na sita ni Mluzi, binti mcheshi anayepita koridoni akipiga mluzi kama yuko sokoni. Huyo sikumtarajia sana, ila hata yeye si wa kumi na sita.

Nimewaita ofisini mmoja mmoja. Hakuna aliyeumwa, hakuna aliyechelewa, hakuna aliyeruka swali. Nikawauliza karatasi zao zilikuwa na herufi gani pale juu pembeni. Wote watatu wakasema C. Nduguye Pacha alikuwa na D.

Wewe ndiye unayezipanga karatasi hizo. Niambie zinatengenezwaje. Siombi upendeleo kwa mtoto yeyote. Naomba maelezo.

Dada yako,
Mwalimu Mkuu

*

Tarehe 11 Machi

Dada,

Shikamoo. Wifi yako anakusalimu. Nimesoma mpaka mwisho, nimekaa kitini kama ulivyoagiza.

Maelezo haya hapa. Zamani tulikuwa na faili nne, moja kwa kila toleo. Ukirekebisha koma kwenye A, unakumbuka kwenye B, unasahau kwenye D. Balaa tupu. Mimi nilipoingia nikasema hapana, tuwe na faili moja. Kila swali linaandikwa mara moja tu, na jibu lake sahihi nimelitia alama ambayo mtahiniwa haioni. Kisha naiamuru programu initolee toleo A. Inayachanganya maswali kama mtu anavyochanganya karata, inachanganya na machaguo ndani ya kila swali, inapanga kurasa, inaweka namba, na mwisho kabisa inatoa ukurasa mmoja wa ufunguo wa majibu ya toleo hilo. Naiamuru tena, natoa B. Vivyo hivyo C na D. Maswali ni yale yale sitini. Anayechungulia kwa jirani anajipatia majibu ya karatasi nyingine.

Uzuri wake ni kwamba koma ikirekebishwa mara moja inarekebika kote. Hakuna mkono wa mtu katikati. Mashine ya kusahihishia inasoma karatasi za majibu kwa kufuata ufunguo wa kila herufi, na inasoma mia nane kabla hujamaliza chai. Ni kwa sababu ya mpango huu mwezi uliopita wamenipa ukuu wa kitengo. Sikukuambia kwa sababu nilijua utaniuliza kama najua kuongoza watu.

Watu watatu ni watu watatu, dada. Ukigawa karatasi nne kwa watu kumi na wawili, watatu lazima wapate C. Kwamba ndio hao walioanguka ni bahati mbaya. Wanafunzi wazuri hushikwa na hofu siku ya mtihani, unalijua hilo kuliko mimi. Mpe Wakili pole yangu, mwambie mwakani yupo.

Mdogo wako,
Rula

*

Tarehe 17 Machi

Rula,

Marahaba. Hongera kwa ukuu. Je, unajua kuongoza watu?

Umenieleza kazi yako vizuri, nimeielewa kuliko ulivyotaka niielewe. Sasa sikiliza na mimi nikueleze yangu. Mtu asiyejua kusoma kabisa, akaingia chumba cha mtihani na kuweka alama za vema ovyo kwenye machaguo manne, atapata kama kumi na tano kati ya sitini. Hiyo ni hesabu ya kidato cha pili. Watoto wangu wamepata kumi na tatu, kumi na nne, kumi na sita. Mwenye hofu hukosea baadhi ya maswali. Hawa wamesahihishwa kana kwamba walikuwa wanajibu mtihani wa watu wengine.

Kwa kuwa watatu ni wachache kwako, nimewaandikia wakuu wa shule mbili jirani. Nao wamewauliza wanafunzi wao. Shule hizo mbili zilipeleka watu ishirini. Watano walikuwa na C. Alama zao zinaanzia kumi na moja, zinaishia kumi na nane. Hakuna hata mmoja aliyefika ishirini. Waliokuwa na A, B na D wametawanyika kama watu wa kawaida, wa hamsini wapo, wa thelathini wapo.

Kwa hiyo ni wanane sasa. Niongeze shule ya nne?

Sijasema mashine imekosea. Sina ugomvi na mashine. Umeniambia hakuna mkono wa mtu katikati, na mimi nauliza: ukurasa wa ufunguo ukishatoka kwenye printa, unatembea wenyewe mpaka kwenye chumba cha kusahihishia?

Dada yako

*

Tarehe 23 Machi

Dada,

Nimepokea barua yako ya tarehe 17.

Tafadhali usiiandikie shule nyingine, wala mtu yeyote, kuhusu jambo hili hadi nitakapokuandikia tena. Usipige simu ofisini. Nakuomba kama mdogo wako.

Rula

*

Tarehe 28 Machi

Rula,

Nimefundisha miaka ishirini na sita. Sura ya mtoto aliyevunja kioo naijua hata akiwa amenipa mgongo, na barua yako ya mistari mitano ina sura hiyo.

Ulipokuwa mdogo uliitwa Rula kwa sababu ulipanga viatu vya nyumba nzima kwa mstari mlangoni, na mtu akisogeza kimoja ulilia. Mama alikuwa akisema huyu hataweza kuishi na kosa. Mimi nilifikiri maana yake ni kwamba ukikosea utarekebisha. Sikufikiri maana yake ni kwamba utalifunika blanketi.

Unaniomba ninyamaze kama mdogo wangu. Na mimi nakujibu kama mkuu wa shule. Nakupa wiki mbili. Zikiisha, barua yangu haitakuja kwako, itakwenda kwa mkurugenzi wako, pamoja na nakala za zako mbili.

Nikueleze kwa nini sitangoja zaidi ya hapo. Wakili ameanza kazi kwa dobi wa nyuma ya soko. Nilipita pale jana kwa makusudi, nikamkuta anapiga pasi mashati ya watu.

Nikamuuliza, "Unaendeleaje?"

Akasema, "Nzuri, Mwalimu."

"Umeandika ile barua ya kuomba karatasi yako iangaliwe upya?"

Akageuza shati upande wa pili. "Mwalimu, kumi na nne ni kumi na nne."

Hakubisha. Kwa miaka minne nimemwomba mtoto yule apunguze kubisha, na jana hakubisha.

Dada yako

*

Tarehe 6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hii ni ndefu, na mimi sasa ndiye ninayekuomba usinikatize.

Ni kosa langu. Mashine haina kosa, faili haina kosa, msoma prufu anayekagua kurasa zangu hana kosa. Nitakuandikia lilivyotokea, kwa mpangilio.

Tarehe 9 Januari nilikuwa nimeshatoa matoleo yote manne na funguo zake. Chumba cha kusahihishia kiko ghorofa ya tatu, na wa huko waliomba ufunguo mmoja wajaribie mashine yao. Nikawapelekea wa C kwenye bahasha yenye lakiri. Mchana msoma prufu akaja na swali la ishirini na mbili. Picha ya kipimajoto imetoka nyeusi, namba hazisomeki. Nikaitoa picha na swali lake, nikaweka swali la akiba. Lakini karata ukishatoa moja ukaweka nyingine, ukichanganya tena haziji kwa mpangilio ule wa kwanza. Nikatoa karatasi zote nne upya. Funguo mpya za A, B na D nikazituma juu kwa tarishi. Wa C nilijua uko juu tayari, ni wa zamani, nikasema napanda mwenyewe kuubadilisha. Simu ikaita. Alikuwa mtunza ghala anauliza idadi ya maboksi. Nilipokata simu, kichwani mwangu nilikuwa nimeshapanda ngazi na kushuka.

Sikupanda. Watu wote waliopata C wamesahihishwa kwa ufunguo wa mtihani ambao haukuwahi kufanywa na mtu yeyote.

Sasa lililo baya zaidi. Niliposoma barua yako ya kwanza, nikakutana na herufi C, nilishajua. Ile barua yangu ya kujisifu niliiandika kwa ajili yangu mwenyewe, nijisikie nikieleza mambo yasivyoweza kuharibika.

Kuhusu kukunyamazisha. Karatasi za majibu huhifadhiwa siku thelathini baada ya matokeo, kisha zinaingizwa kwenye mashine ya kukatakata. Mwisho ulikuwa tarehe 31 Machi. Niliogopa kwamba habari ikifika ofisini kabla yangu, mtu atapata wazo la kuziwahisha kwenye mashine hiyo. Nilihitaji siku chache, idhini ya ghala, na mabunda yote ya C yakiwa mezani kwangu. Nimeyapata tarehe 27. Ndipo nikaenda kwa mkurugenzi. Hata hivyo ningeweza kukuandikia mistari kumi badala ya mitano. Kioo nilikuwa nimekivunja, hapo hukukosea.

Mkurugenzi alinisikiliza bila kuvua miwani. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Dada yangu."

"Ni mwandishi wa habari?"

"Ni mkuu wa shule."

"Hiyo ni mbaya zaidi," akasema, akachukua kalamu.

Waliofanya mtihani ni mia nane na kumi na wawili. Wenye C ni mia mbili na watatu. Tumewasahihisha upya kwa ufunguo wao halisi, mimi na msoma prufu tukiwa tumesimama kando ya mashine. Mstari wa kuchaguliwa ulikuwa alama arobaini na tatu. Waliovuka ni thelathini na wanane. Hakuna aliyekuwa ameshachaguliwa atakayeondolewa, na chuo kimekubali kuwapokea hawa kwa kundi la pili, mwezi wa nane.

Ukuu wamenivua. Nimepewa barua ya onyo, na mwaka huu nitapanga fomu na kalenda. Nastahili.

Jambo moja halijatulia. Mkurugenzi anataka thelathini na wanane wapate barua inayosema "uteuzi wa awamu ya pili", basi. Wale mia moja sitini na watano waliobaki wasiambiwe kitu, kwa kuwa hawakupita hata sasa. Anasema kuwaambia ni kuwatonesha kidonda bure. Mimi sijui. Nipe neno.

Rula

*

Tarehe 12 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeisoma mara mbili, kisha nikaitia kwenye kabati langu, si kwenye faili la shule. Nakala nilizokuwa nimeziandaa nimezichana. Nilikufikiria vibaya wakati wewe ulikuwa unalinda mabunda. Niwie radhi kwa lile la blanketi. Lile la Mama silifuti, kwa sababu aliona mbali.

Neno langu hili. Mtu aliyepewa kumi na nne anatembea nayo. Anaitumia kujibu kila swali analoulizwa maishani, hata ambalo halikuhusu mtihani. Kama alama yake ya kweli ni thelathini, hiyo thelathini ni mali yake, na ofisi yenu inamnyima. Waandikieni wote. Waambieni mlichokosea, kwa maneno ya kueleweka, na kila mmoja apewe majibu yake swali kwa swali ajionee. Mkurugenzi akikataa, mwambie yule mkuu wa shule bado ana stempu.

Na sasa furaha yangu. Barua yako ilipofika sikungoja kengele. Nilikwenda kwa dobi na viatu vya darasani, nikamkuta Wakili kwenye pasi. Nikamwambia, "Zima hiyo. Walikosea ufunguo. Umefaulu." Akazima pasi, akavua aproni, akaikunja vizuri, akamrudishia mwenye duka. Njia nzima alikuwa anatembea mbele yangu, mimi ndiye niliyekuwa namkimbiza.

Hukuniandikia alama za watoto wangu watatu. Najua ni za siri mpaka barua zitoke. Nangoja kwa hamu niione ya Wakili. Nimekisia hamsini na tano.

Dada yako

*

Tarehe 20 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Mkurugenzi amekubali. Sikumtajia stempu zako. Nilimwonyesha tu ile sentensi yako ya alama kuwa mali ya mtu. Akaisoma, akasema, "Basi iandike wewe, maana wewe ndiye unayedaiwa."

Nimeiandika. Ni faili moja, matoleo mawili. La kwanza linamwambia mtu kwamba amechaguliwa, lini aripoti, aje na nini. La pili linamwambia hakuchaguliwa, lakini alama aliyopewa mwanzo haikuwa yake, na yake ya kweli ni hii. Aya ya kueleza kosa na kuomba radhi ni ile ile kwa wote mia mbili na watatu. Hiyo nimeifunga ndani ya faili kwa namna ambayo hakuna toleo linaloweza kutoka bila hiyo, hata mtu akitaka. Nyuma ya kila barua kuna jedwali la maswali sitini: ulichojibu, jibu sahihi, na swali lenyewe. Chini ya kila ukurasa kuna namba, na ufunguo una namba hiyo hiyo. Zikitofautiana, printa inagoma. Huo ndio utaratibu mpya, na nimewaachia walionirithi umeandikwa.

Kisha mimi na msoma prufu tumelinganisha kila barua na karatasi yake ya majibu, kwa macho na kalamu, siku mbili nzima. Na safari hii ngazi nimezipanda.

Barua za shule yako zitakufikia wiki ijayo. Lakini hii yangu nimeiharakisha itangulie, kwa sababu ya jambo uliloniandikia.

Mluzi amepata hamsini na moja. Pacha amepata arobaini na tano. Wote wawili wamechaguliwa.

Wakili amepata arobaini na moja.

Dada, nimeisahihisha karatasi yake mimi mwenyewe, mara tatu. Mara ya kwanza kama kazi. Mara ya pili kwa sababu ya wewe. Mara ya tatu nilikuwa natafuta kosa langu, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe niliomba nilipate. Halipo. Amekosa kwa alama mbili.

Kama unataka mimi ndiye nimwambie, niandikie, nitapanda gari nije.

Rula

*

Tarehe 27 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Usije. Nilimwahidi mimi, nikamwambia mimi.

Tangu siku ile ya aproni alikuwa anakuja maktaba ya shule kila asubuhi kupanga vitabu, akingoja barua. Siku mbili nilikuwa na barua yako mfukoni nikimwona anapanga vitabu, nikipita kwa mlango mwingine. Nakuambia hili ili ujue si wewe peke yako katika ukoo wetu unayejua kuchelewa kupanda ngazi.

Bahasha za ofisi zilipofika, nilimwita. Nikawaita na Mluzi na Pacha, kisha nikaona si haki, nikawapa hao zao koridoni na nikafunga mlango. Mluzi alianza kupiga mluzi kule nje, kisha akaukata ghafla katikati. Nafikiri Pacha alimfinya.

Wakili aliisoma yake akiwa amesimama. Aliisoma mpaka chini, akageuza, akaliona jedwali, akarudi ukurasa wa kwanza.

"Mwalimu, uliniambia nimefaulu."

"Nilikuambia."

"Ulikuwa umeiona hii alama?"

"Hapana."

"Sasa ulijuaje?"

Nikasema, "Nilikuwa na hakika."

"Hiyo si sababu," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Nilikuwa na leso mbili mkobani, yake na yangu. Badala yake nilisimama pale ofisini kwangu kama mtuhumiwa, nikaulizwa hakika yangu ilitokana na nini. Kwa nini sikungoja wiki mbili. Kama ningekuwa mwanafunzi na yeye mwalimu, ningepewa alama ngapi kwa jibu lisilo na njia. Nilijibu yote, Rula. Nilimwomba radhi kwa sauti ya kusikika, si ile ya watu wazima ya kukohoa kohoa. Akaniambia ameikubali, ila hajaisahau.

Kisha akavuta kiti, akaketi upande wangu wa meza, akaniomba penseli na kikokotoo. Akaanza na swali la kwanza. Nilimwacha hapo nikaenda kufundisha. Niliporudi baada ya vipindi viwili alikuwa kwenye la thelathini na kitu, na meza yangu imejaa karatasi.

Dobi amemrudisha kwa nusu siku, kuanzia saa nane mchana. Asubuhi atakuwa maktaba mpaka Januari. Nimemwambia safari hii sitamkisia.

Ameomba anwani yako. Nimempa na bahasha. Sijaisoma aliyoiandika, aliziba mbele yangu.

Dada yako

*

Tarehe 27 Aprili

Mpendwa Mpanga Kurasa,

Shikamoo.

Mimi ndiye mtahiniwa wa toleo C uliyemwandikia arobaini na moja. Mwalimu anasema wewe ni mdogo wake, na kwamba barua ile uliiandika wewe ingawa imesainiwa na mkurugenzi.

Nimepitia jedwali lote leo. Nashukuru kwa kuliweka. Nilikuwa nimekosa maswali kumi na tisa. Kumi na moja sikujua, na sasa nimeyajua. Manne nilisoma haraka. Matatu nilibadilisha jibu sahihi nikaweka lisilo sahihi, na hayo ndiyo yaliyoniudhi zaidi. Jumla hapo ni kumi na nane. Limebaki moja, na hilo ndilo ninalokuandikia.

Ni swali la thelathini na nane kwenye karatasi yangu. Kwenye nyingine sijui liko wapi, kwa sababu mnachanganya. Linasema: "Mgonjwa alipewa dozi ya kwanza ya dawa saa mbili asubuhi. Dawa hiyo hutolewa kila baada ya saa nane. Hadi saa mbili asubuhi ya siku inayofuata, atakuwa amepewa dozi ngapi?" Mimi nilijibu nne. Ufunguo unasema tatu.

Hesabu yangu ni hii. Saa mbili asubuhi ni ya kwanza. Saa kumi jioni ni ya pili. Saa sita usiku ni ya tatu. Saa mbili asubuhi ni ya nne. Aliyetunga swali ameishia kabla ya saa mbili, na mimi nimeihesabu saa mbili yenyewe. Neno "hadi" linaruhusu yote mawili, nimelitazama kwenye kamusi ya maktaba. Lakini swali linahusu wodi, na muuguzi aliyefika kwa wakati, ikigonga saa mbili ameshampa mgonjwa dozi ya nne. Aliyempa tatu tu amechelewa.

Siandiki kwa faida yangu. Hata mkinipa alama hiyo nitakuwa na arobaini na mbili, na mstari ni arobaini na tatu. Nimehesabu kabla ya kuandika. Nami nitafanya tena mwezi wa kwanza, kwa hiyo sitaki kulikuta.

Mwalimu amenieleza kwamba kwenu swali linaandikwa mara moja tu, likirekebishwa linarekebika kote. Basi naomba aliyechukua nafasi yako alifungue faili, abadilishe "hadi" iwe "kabla ya". Ni neno moja kuwa mawili, kwa hiyo atazame kama mstari haujasogea.

Na akishabadilisha, atoe funguo zote nne upya.

Wako,
Wakili